Gisenyi, Jamani!

Kama una likizo fupi na hujui pa kuipeleka, katafute kwanza tiketi ya Kigali, makala hii utaimalizia njiani. Sitanii. Gisenyi imenitoa akili! Mchanga upo, mawimbi yapo, upepo wa jioni upo, miti mirefu imejipanga kandokando ya barabara ya ufukweni. Chumvi tu ndiyo haipo. Unatoka majini macho hayawashi, nywele hazikakamai, na muda wote ulipokuwa unaogelea hukuwa unamuwaza mamba wala kiboko, kwa sababu Ziwa Kivu halina mamba na halina kiboko. Aliyekulia Mwanza au Kisumu na airudie sentensi hiyo polepole.

Mji uko kona ya kaskazini magharibi mwa Rwanda, umepakana na Goma ya Kongo ukuta kwa ukuta. Kiserikali siku hizi husikika zaidi Rubavu, jina la wilaya, ila makondakta wa Nyabugogo, kituo cha mabasi cha Kigali, wanaita majina yote mawili na basi ni lilelile. Ziwa liko mita 1,460 hivi juu ya usawa wa bahari, na hapo ndipo utamu wote ulipo: jua la ikweta linawaka lakini joto halikuchoshi, na likizama unatafuta sweta. Mimi mtu wa Dar nililala bila feni, bila kiyoyozi, nimejifunika blanketi hadi shingoni, nikaamka nacheka mwenyewe.

Kutoka Kigali ni mwendo wa saa tatu hadi nne, lami mwanzo mwisho, kona juu ya kona, vilima vimelimwa matuta hadi kileleni. Kaa upande wa kulia. Nasisitiza, kulia! Ukishapita Musanze volkano zinaanza kujitokeza upande huo, mpaka umwone Karisimbi mwenyewe, mita 4,507, kama mawingu yamekuhurumia siku hiyo. Kabla ya hapo kuna kituo cha Nyirangarama, ambapo abiria wote hushuka kununua vitafunwa. Ndiko nyumbani kwa Akabanga, ile pilipili ya mafuta inayouzwa kwenye kichupa cha matone kinachoenea mfukoni. Nunua hapo hapo. Utakuja kunishukuru, na sababu nitaisema nikifika kwenye chakula.

Malazi ni ya ngazi zote. Ukiwa na fedha kuna Lake Kivu Serena, bustani yake inaishia kwenye mchanga. Ukitaka utulivu zaidi, nenda Rubona, kilomita chache kusini, kwenye hoteli ndogondogo zilizojengwa kwa mawe zikitazama maji. Sisi wa mfuko wa kawaida tuna nyumba za wageni mjini, zikiwemo za makanisa: kitanda safi, chandarua, maji ya moto, na ukimya wa saa tatu usiku usio na mjadala. Kilichonifurahisha ni kwamba asubuhi mgeni wa Serena na mgeni wa kanisa wanakutana ufukweni! Ufukwe wa umma uko palepale jirani, hauna kiingilio, na ndio mzuri kuliko kitu chochote mjini. Nimezoea kwetu hoteli kujenga ukuta hadi majini. Hapa Jumapili mchana utaona familia nzima nzima za Kinyarwanda zimejaa na masufuria yao, vijana wanapiga mpira, bibi harusi na wapambe wake wanapiga picha, watoto wanajifunza kuogelea kwa kupiga kelele. Ningeshauri ukae hapo siku nzima bila ratiba.

Lakini hutakaa, maana kuna amashyuza! Hizo ni chemchemi za maji moto za Nyamyumba, unafika kwa pikipiki ukipita kiwanda cha bia cha Bralirwa kinachotoa Primus. (Kofia ngumu ya abiria ni lazima, na dereva wa bodaboda hapa hafiki mwendo wa kukufanya uombe dua.) Maji yanabubujika kando kabisa ya ziwa, moto wa kweli kweli: mayai na viazi vitamu vinaivia humo humo. Pembeni yanapochanganyika na maji baridi wanakaa wazee wenye viungo vinavyouma, wamejipaka udongo, wanapiga soga. Nilipovua viatu kwa pupa, mmoja akaniwahi: "Mwanangu, weka mguu pole pole, hii maji haina mchezo." Nikaweka kidole kimoja. Kwa kweli haina mchezo! Baada ya nusu saa ya kujizoeza nilikuwa nimezama hadi magotini, kijana ananikanda mabega kwa malipo ya maelewano, mbele yangu ziwa lote.

Moto huo una asili yake. Eneo zima limekaa juu ya ufa wa Bonde la Ufa, na ziwa lenyewe, lenye kina cha mita 480 hivi, limebeba chini huko gesi ya methane iliyoyeyuka majini, kilomita za ujazo zipatazo 60. Tangu miaka ya 1960 gesi hiyo ilivutwa hapo Rubona kuchemshia mitambo ya kiwanda cha bia, na tangu 2016 kule Karongi, kusini zaidi, kuna mtambo unaoitumia kuzalisha umeme wa megawati 26. Fikiria hilo ukiwa unaogelea. Mimi nilifikiri, kisha nikaogelea tena.

Jioni, tafadhali, usiwe chumbani. Saa kumi na moja hivi wavuvi wanatoka. Mitumbwi inakwenda mitatu mitatu, imeunganishwa kwa miti, na kila upande zimetokeza fito ndefu zilizopinda kama sharubu za kambakochi. Ndizo zinazoshikilia wavu. Wanapiga kasia kwa wimbo. Mmoja anaanzisha, wengine wanaitikia, anayepiga mluzi anapiga mluzi, na sauti inakuja hadi ufukweni kabla hujawaona vizuri. Giza likiingia wanawasha taa kuvutia samaki, na ziwa lote linageuka kuwa mji wa pili. Niliacha chai ikapoa, na chai yenyewe ilikuwa ya Pfunda, inayolimwa hapo hapo karibu!

Wanachokifuata ni sambaza, na hapa naomba Watanzania mkae sawa. Sambaza ni lumbu wetu wa Tanganyika! Kivu ilikuwa na samaki wachache, hivyo mwishoni mwa miaka ya 1950 Wabelgiji walimchukua samaki huyu kutoka Ziwa Tanganyika wakamwachia humu, akazaliana, leo analisha pande zote mbili za ziwa. Anakuja sahani imejaa, urefu wa kidole, amepakwa unga kidogo na kukaangwa akakauka vizuri. Hakuna kutoa kichwa, hakuna kutoa mwiba; unakamua ndimu, unadondosha Akabanga matone mawili (matatu ni ujasiri, manne ni ugomvi), unatafuna mzima mzima na mizuzu ya kukaanga pembeni. Mama aliyenihudumia alinisikia tu lafudhi akafurahi: "Dada, umetoka Tanzania? Ngoja nikuongezee, sambaza iko mingi!" Akaongeza kweli, na bei haikubadilika.

Kiswahili hicho utakikuta kila kona. Rwanda ilikifanya lugha rasmi mwaka 2017, lakini Gisenyi haikusubiri sheria. Mpaka na biashara ya Goma vilishamaliza kazi hiyo zamani. Ni Kiswahili chenye ladha ya Kongo, mwanamume anaitwa papa, vitu vyote "iko", na kinapendeza masikioni.

Vingine nitavipitia haraka. Mishikaki ya mbuzi ni mizuri, zingalo ni kwa wanaopenda utumbo (napenda), isombe ni kisamvu chetu kilichopikwa kwa upole. Kasoro niliyoiona mji mzima ni mwendo wa jiko. Hotelini kwetu niliagiza samaki wa kuchoma nikapata muda wa kuoga, kupiga simu nyumbani na kusinzia kabla hajaja. Agiza kabla njaa haijaanza. Na wanaopenda kutembea wajue kwamba njia ya Congo Nile inaanzia hapa, kilomita 227 ukifuata ziwa hadi Rusizi. Unaweza kuionja nusu siku tu ukarudi kulala.

Neno moja la uzito. Nyiragongo, volkano iliyoko ng'ambo, ililipuka 2002 na tena Mei 2021, na Goma iliangukia mikononi mwa waasi wa M23 Januari 2025. Katika mapigano hayo makombora yalivuka mpaka yakaua raia hapa Gisenyi. Kwa hiyo ulizia hali ilivyo kabla ya kufunga mzigo, na wazo la kuvuka kwenda Goma kupiga picha tu liache nyumbani. Wenyeji wamerudi ufukweni, wavuvi wanaimba, lakini hawajasahau, nawe usijifanye hujui.

Hukumu yangu: kwa fedha ya mtu wa kawaida, sijaona mji wa mapumziko wa ziwani unaoushinda huu Afrika Mashariki. Raia wa Jumuiya hatulipi viza. Juni hadi Agosti mvua ni chache, mwishoni mwa juma vyumba hujaa, weka nafasi mapema. Saa ya Rwanda iko nyuma ya Dar na Nairobi kwa saa moja. Na usipange kusafiri asubuhi ya Jumamosi ya mwisho wa mwezi: hiyo ni umuganda, watu wako kwenye usafi na kazi za pamoja, maduka na usafiri husubiri hadi saa tano.