Amana ya Madirisha

Miongoni mwa sanaa za zama hizi zisizopata sifa zinazostahiki, kwa kuwa mafundi wake hufanya kazi pasipo kuonekana, imo ile ya kuandika na kusoma sifa za madirisha katika kioo cha kompyuta. Na ustadi wake sijauona mahali ukidhihiri kuliko katika mfumo wa X, ulioanzishwa mwaka 1984 huko MIT, Marekani, na Robert Scheifler na Jim Gettys, ambao toleo lake la 11, la mwaka 1987, lingali likitumika.

Programu ikitaka dirisha lake lijulikane kwa jina fulani, au lisipunguzwe kupita kiasi fulani, huandika habari hiyo kwa amri ya XChangeProperty, iliyomo katika maktaba ya Xlib, na msimamizi wa madirisha huisoma kwa XGetWindowProperty. Kila sifa hupewa jina, aina, na ukubwa wa vipande vya data yake, yaani biti 8, 16 au 32. Kisha seva ya X, yaani programu iendeshayo kioo, huipokea kama mtunza amana mwaminifu ahifadhiye bahasha bila ya kuifungua, kwani maana ya yaliyomo haiihusu. Ni kwa sababu ya staha hiyo, si kwa bahati, kwamba mwandiko wa UTF-8, uliobuniwa mwaka 1992, uliweza kuingia katika majina ya madirisha pasipo kuibadili itifaki yenyewe: wenye programu na wasimamizi waliafikiana juu ya sifa mpya, _NET_WM_NAME, basi.

Adabu nayo haikusahauliwa. Dirisha la terminali huomba likuzwe kwa hatua ya herufi moja moja, lakini ombi hilo si amri, na msimamizi ana hiari ya kulikataa.

Sidai kwamba kazi hii haina ila. XGetWindowProperty hudai hoja 12, idadi ya kumchosha hata mwenye subira, na data ya biti 32, katika mashine nyingi za biti 64, huirejesha katika nafasi za biti 64, mtego ulionasa wengi.

Hata hivyo, ewe mwanafunzi wa programu, ukiwa na mashine itumiayo X, usitosheke na zana za leo zikufichiazo haya yote: andika xprop katika terminali, bofya dirisha lolote, usome lilichoandikiwa.