Al-Inkishafi Haisemi Itajipa

Ukikosa kazi Nairobi, kila mtu ana dawa yake: "Amini tu, itajipa." Kama umechoka kuisikia, soma Al-Inkishafi, shairi refu la Sayyid Abdalla bin Ali bin Nasir wa Pate, lililotungwa miaka kama 200 iliyopita. Humo hakuna kujipa.

Pate ilikuwa mji wa pesa. Mshairi anatupitisha kwenye kumbi za matajiri wake baada ya anguko: popo wananing'inia, buibui wametanda, na vidaka vilivyopangwa vyombo vya kauri sasa ni viota vya ndege. Lakini hamhubirii jirani. Anauhoji moyo wake mwenyewe, kama rafiki mkaidi: mbona bado unaikimbilia dunia uliyoiona ikiwaacha wenzako?

Sehemu ya mwisho, ya moto wa Jahanamu, hainishiki sana. Inatisha, sawa, ila yale magofu yalikuwa yashanishawishi bila kelele.

Hata hivyo, hoja yake inasimama. Imani hapa si dili na Mungu, kwamba nikisali nitapata nyumba. Wenye nyumba nao walizikwa. Imani ni kile unachobaki nacho hesabu zikikataa. Kwa kijana ambaye kandarasi yake inaisha mwezi huu, hilo ni gumu kumeza kuliko "itajipa", lakini angalau halimdanganyi.