Nyumba ya Coucy: Kupanda Kwake na Kushuka Kwake

Barbara Tuchman, mwandishi wa Marekani aliyefariki mwaka 1989, alitoa kitabu mwaka 1978 kiitwacho kwa Kiingereza A Distant Mirror, yaani Kioo cha Mbali. Ni kitabu kinene, nacho chaeleza mambo ya Ulaya katika karne ya kumi na nne: tauni, vita vya Wafaransa na Waingereza, na mafarakano ya Kanisa lililokuwa na mapapa wawili. Ili msomaji asipotee katika mambo mengi hayo, mwandishi amemshika mtu mmoja akamfuata hata kufa kwake, naye ni Enguerrand wa Saba, bwana wa Coucy. Sisi twataka kukipima kitabu hicho kwa swali moja: je, kimetuonyesha kwa nini nyumba kubwa namna ile ilikwisha?

Coucy ni mji mdogo juu ya kilima, kaskazini ya Ufaransa, kati ya Laon na Soissons. Mabwana wake walikuwa wakali tangu zamani. Thomas wa Marle aliwanyang'anya watu na makanisa, hata mwaka 1130 mfalme Louis wa Sita akamwendea na jeshi. Thomas akajeruhiwa, akafa akiwa mateka. Baadaye, katika miaka iliyofuata 1220, Enguerrand wa Tatu alijenga ngome yenye mnara wa kimo cha zaidi ya mita 50 na upana wa mita 31. Mnara wa Louvre, uliokuwa wa mfalme mwenyewe huko Paris, haukuufikia. Watu wa nyumba ile wakajisifu kwamba wao si wafalme wala si wana wa wafalme. Kuwa bwana wa Coucy kwawatosha. Kiburi hicho kilizaa damu. Enguerrand wa Nne aliwanyonga vijana watatu kwa sababu walikutwa msituni mwake na pinde na mishale. Mfalme Louis wa Tisa akamwita hukumuni, na ijapokuwa makabaila wenzake walimtetea, akamtoza faini kubwa mno.

Enguerrand wa Saba, aliyezaliwa mwaka 1340, alikuwa mtu wa namna nyingine, na hapa ndipo kitabu kinapostahili sifa. Alipokuwa kijana alipelekwa Uingereza kuwa rehani ya mfalme wake. Huko akapendwa hata akaozwa Isabella, binti wa mfalme Edward wa Tatu, mwaka 1365. Basi akawa na mabwana wawili waliopigana. Mwaka 1377, Edward alipokufa, alirudisha heshima zote alizopewa na Waingereza, akabaki Mfaransa. Lakini binti yake mmoja alikuwa wa Ufaransa, na wa pili wa Uingereza. Mwandishi aeleza jambo hili kwa utulivu, wala hamfanyi mtu wake kuwa malaika.

Vita vya Nicopolis, karibu na mto Danube, vimeelezwa vizuri pia. Mwaka 1396 Sigismund, mfalme wa Hungaria, alitaka askari wake wa miguu watangulie. Coucy aliliona shauri hilo kuwa jema, lakini makabaila vijana wa Kifaransa walikataa kuwa nyuma ya mtu yeyote. Wakatangulia wao, wakashindwa na Sultani Bayezid. Aliyetoa shauri jema alitekwa pamoja na waliolikataa, akafa Bursa mwezi wa Februari 1397. Ndivyo ilivyo: mwenye akili akiandamana na wapumbavu, msiba huwa mmoja.

Lakini kitabu kina upungufu, nao si mdogo. Mwandishi asema wazi kwamba hakumchagua mtu wa kawaida, kwa kuwa maisha ya mtu wa namna hiyo hayakugusa mambo mengi. Sisi twaona sababu hiyo haitoshi. Mwaka 1368 Coucy huyu aliwapa uhuru watu wa vijiji 22 vya nchi yake, wawe wakimlipa ada kila mwaka, kwani watu walikuwa wakiihama nchi yake ili waepuke utumwa wa ardhi. Jambo hili limo kitabuni, lakini limepitwa upesi, kisha twarudi kwenye farasi na karamu. Kumbe hapo ndipo palipokuwa msingi wa mnara! Bwana mwenye ngome ile alilazimika kupatana na wakulima, maana tauni ilikuwa imepunguza watu, na shamba lisilo na mkono wa kulilima halimlishi bwana wala farasi wake. Twatamani mwandishi angalikaa kijijini kwa sura moja tu, akatuonyesha nyumba ya Coucy kwa macho ya hao waliolipa.

Kwa hiyo kitabu chatuonyesha vizuri jinsi mtu alivyokufa, lakini jinsi nyumba ilivyokwisha twapaswa kukusanya wenyewe. Coucy hakuacha mwana wa kiume. Binti yake Marie aliuza nchi kwa Louis, mtawala wa Orléans, mwaka 1400. Na mjukuu wa Louis alipotawazwa kuwa mfalme Louis wa Kumi na Mbili mwaka 1498, urithi wa wale waliojivuna kutokuwa wafalme ukawa wa mfalme. Mnara ulisimama peke yake hata Machi 1917, jeshi la Wajerumani lilipoulipua katika kurudi nyuma.

Anayejua Kiingereza na akisome kitabu hiki. Hatapoteza wakati wake. Ila akifika mahali pa vile vijiji 22, asipite upesi kama mwandishi. Na asimame hapo, ajiulize ni nani waliobeba mawe ya mnara ule.