Mashine ipo, picha hakuna: hesabu ya CT na eksirei katika hospitali za umma

Mashine mpya ya kupiga picha za mwili ikifika hospitali ya kaunti, habari huwa ni ile ile. Utepe unakatwa, kiongozi anapigwa picha akiwa kando ya mashine, na tunatajiwa mamilioni yaliyotumika. Baadhi yetu tunapiga makofi, wengine tunanung'unika kwamba bei imeongezwa chumvi. Halafu mjadala unaisha.

Ila bei ya mashine haimwambii mgonjwa kitu. Kinachomhusu ni gharama ya picha moja iliyopigwa, ikasomwa na mtu anayejua kuisoma, na majibu yakamfikia daktari mapema. Hiyo namba huwezi kuisikia siku ya utepe, na ndiyo tunayotaka kuijadili hapa, kwa sababu Kenya imeshalipia somo hili kwa pesa nyingi na sasa inaingia darasa la pili.

Hesabu ya matatu

Fikiria mtu aliyenunua matatu kwa mkopo. Benki inataka pesa yake kila mwezi, iwe gari limebeba abiria 14 au limelala gereji. Bima nayo haingoji. Kwa hiyo gharama ya kumbeba abiria mmoja inategemea zaidi ni abiria wangapi wanapanda kwa siku.

Mashine ya CT ni hivyo hivyo. Ndani yake kuna tyubu ya eksirei inayozunguka mgonjwa, nayo huchakaa na kubadilishwa kwa gharama kubwa. Inahitaji umeme usioyumba, chumba chenye kuta za kuzuia miale, kiyoyozi, na mkataba wa matengenezo. MRI ndiyo kiboko. Sumaku yake, kwa mashine nyingi, hupozwa kwa heliamu ya majimaji hadi karibu nyuzi 269 chini ya sifuri. Mtambo wa kuipoza haupumziki usiku wala sikukuu, awepo mgonjwa au asiwepo.

Hebu tupige hesabu ya kubuni. Tuseme CT moja, pamoja na malipo ya mashine, matengenezo, umeme na mishahara, inagharimu Sh24 milioni kwa mwaka, na inafanya kazi siku 300. Ikihudumia wagonjwa 20 kwa siku, hao ni 6,000 kwa mwaka: kila picha inagharimu Sh4,000. Wakiwa 4 kwa siku, picha moja ni Sh20,000. Akiwa mmoja tu kwa siku, ni Sh80,000. Mashine ni ile ile, bei ya kununua ni ile ile, lakini picha imekuwa ghali mara 20.

Na hata kama mgonjwa ameambiwa huduma ni bure, hiyo Sh80,000 kuna mtu anailipa.

MES: malipo sawa, mahitaji tofauti

Mwaka 2015 serikali ya Kenya ilianzisha mpango wa kukodisha vifaa vya hospitali, MES. Mikataba ilikuwa ya miaka 7, thamani yake Sh38 bilioni, kwa hospitali 98: mbili kwa kila kaunti na nne za kitaifa. Vilikuwemo vifaa vya upasuaji, vya kutakasa vyombo, vya kusafisha damu kwa wagonjwa wa figo, vya ICU na vya radiolojia, yaani eksirei za kidijitali, altrasaundi, mashine za kupima matiti na kadhalika.

Tuwe wakweli: wazo lenyewe halikuwa bovu. Kukodisha kunamwachia mwenye mashine mzigo wa matengenezo, na huduma kama ya kusafisha damu ilisogea karibu na watu waliokuwa wakisafiri kutwa nzima kuifuata.

Kasoro ilikuwa kwenye hesabu ya matatu. Kila kaunti ilikatwa kiasi sawa: mwanzoni Sh95 milioni kwa mwaka, na kufikia 2018/19 Sh200 milioni. Sasa angalia sensa ya 2019. Lamu ina watu 143,920. Kakamega ina 1,867,579. Ni tofauti ya mara 13, lakini makato ni yale yale. Na malipo yalikuwa ya kuwa na mashine, si ya kuitumia. Ikilala, kaunti inalipa. Ikifanya kazi, kaunti inalipa vile vile.

Na mashine zililala kweli. Kamati maalumu ya Seneti iliyochunguza MES, na kutoa ripoti yake mwaka 2020, ilikuta vifaa vimekaa bila kazi katika baadhi ya hospitali kwa kukosa wataalamu, umeme, maji au hata chumba cha kuvifunga. Hapa ndipo mwananchi anapolipa mara mbili: kwanza kwa kodi, kulipia mashine iliyofunikwa turubai, halafu kwa pesa ya mfukoni pale anapoambiwa, "Mama, nenda kapige ile picha nje, kituo kile kingine, kisha urudi nayo."

Kitu kingine kinachosahaulika ni macho. CT moja ya tumbo hutoa picha za vipande mamia. Mpiga picha anaendesha mashine, lakini kusema kile kivuli kwenye ini ni nini ni kazi ya daktari bingwa wa radiolojia. Picha isiyosomwa ni gharama tupu, na mgonjwa amepigwa miale bila faida. Siku hizi picha zinaweza kutumwa kwa mtandao zikasomwe na bingwa aliye mji mwingine, jambo ambalo ni rahisi kuliko kununua mashine ya pili. Lakini nani anakata utepe wa intaneti?

Darasa la pili: lipa kwa kila picha

Mpango wa sasa, NESP, umegeuza meza. Mwenye mashine analeta, anaifunga, anaitunza, na analipwa kwa kila huduma iliyotolewa, kupitia SHA, bima iliyochukua nafasi ya NHIF tarehe 1 Oktoba 2024. Mashine ikilala, hasara ni yake. Kwa kosa la MES, hii ni dawa nzuri.

Lakini kila dawa ina madhara yake. Ukimlipa mtu kwa kila picha, atapenda picha ziwe nyingi. Maumivu ya kawaida ya kiuno, yasiyo na dalili za hatari, kwa kawaida hayahitaji picha katika wiki 6 za mwanzo. Mengi hupungua yenyewe. CT ya tumbo ina miale takriban sawa na eksirei 100 za kifua. Kwa mwenye sababu ya kupimwa, hatari hiyo ni ndogo mno ikilinganishwa na faida. Kwa asiye na sababu, ni hatari bila faida, na bima inalipa.

Upande wa pili, mwenye mashine atazipenda hospitali zenye foleni. Mjini sawa. Je, Turkana, ambako watu wako mbalimbali na barabara ni ndefu? Huko malipo kwa kila picha hayatatosha kuirudisha gharama, kwa hiyo serikali lazima iongeze kitu juu, au ilete kifaa kinacholingana na mahali. Altrasaundi na eksirei za kawaida hutatua matatizo mengi kuliko tunavyodhani. Na jirani zetu Uganda wameonyesha njia nyingine: katika Chuo Kikuu cha Mbarara, timu iliunganisha kwa siku 11 MRI ndogo ya sumaku za kawaida, isiyohitaji heliamu, kwa ajili ya watoto wenye maji kichwani. Nguvu yake ni kama moja ya thelathini ya MRI za hospitali kubwa, na picha zake si kali. Lakini daktari anayetaka kujua maji yamejaa kiasi gani hahitaji ukali wote ule.

Tudai namba tatu

Kwa hiyo msomaji, utakapoona tena utepe, uliza mambo matatu kwa kila hospitali. Ni wagonjwa wangapi wamepigwa picha mwezi huu? Mashine ililala siku ngapi, na kwa nini? Na majibu yanachukua muda gani kumfikia daktari?

Namba hizo si siri za kitaalamu. Mashine za kisasa huhesabu kila picha zenyewe, na SHA haiwezi kulipa bila kuhesabu. Kuzibandika hadharani, hospitali kwa hospitali, hakuhitaji mkopo. Bila hizo, tutaendelea kubishana kuhusu bei ya matatu wakati abiria bado wako stendi.