Chai na Majina Yake

Msomaji, kitu kinachotumiwa na kila mtu hakikosi kupewa jina na kila mtu, na kila mwenye kutoa jina hulitoa kwa kipimo cha moyo wake. Chai ni mfano mwema wa jambo hili. Nia ya makala haya si kukufundisha kunywa chai. Hilo ulifundishwa nyumbani kabla hujajua kusoma. Nia yake ni kuyapima majina tunayoipa chai, pamoja na namna tunazoipika, ili tuone lipi ni jina jema, lipi ni baya, na kwa sababu gani.

Mahali pazuri pa kufanyia kipimo hiki ni Mwatate. Mji huu wa kaunti ya Taita Taveta ni mji wa njiani. Barabara itokayo Voi hupita hapo kwenda Taveta, na nyingine hupanda milimani kwenda Wundanyi. Reli ya kutoka Voi hadi Taveta, iliyojengwa wakati wa Vita Kuu ya Kwanza, ilipitishwa hapo pia, na shamba la mkonge limewavuta watu wa kazi kutoka pande nyingi. Kwa hiyo katika mkahawa mmoja wa Mwatate waweza kumkuta Mdawida aliyeshuka milimani, mtu wa Mombasa na mtu wa bara wameketi meza moja. Wote huagiza chai, lakini hawaagizi kitu kimoja.

Mtu wa bara akisema "chai", bila ya kuongeza neno, ana maana ya maji, maziwa na majani yaliyochemshwa pamoja katika sufuria moja. Si ajabu. Huko kwao mchai na ng'ombe wa maziwa ni majirani. Mchai ulipandwa Kenya mara ya kwanza huko Limuru mwaka 1903, na mashamba makubwa ya Kericho yakafuata katika miaka ya 1920. Mtu wa pwani akisikia "chai" yu tayari kuuliza: ipi? Anayo ya maziwa, na anayo isiyo na maziwa, ambayo huiita mkandaa; na akosaye maziwa huko hakosi tangawizi, iliki au mdalasini. Kijana aliyeketi kati yao huiita hiyo hiyo strungi. Akitokea msafiri wa Tanzania kwa njia ya Taveta, ataiita chai ya rangi. Kinywaji ni kimoja, majina ni matatu.

Tuyapime. Mkandaa ni mti mmoja wa jamii ya mikoko, na gome lake lilitumiwa kutengenezea ngozi na kutia rangi nyekundu. Alitazamaye gome hilo ndani ya maji ataona rangi ya chai. Akilionja, ataonja ukakasi ulio ndugu wa ukakasi wa chai. Jina hili, basi, ni istiari iliyokamilika, kwa maana limeshika rangi na ladha kwa neno moja. Strungi ni neno lililotoka katika Kiingereza, likiwa na maana ya kitu kikali. Halina uzuri wa mkandaa, lakini halina uongo. Chai ya rangi ni jina la busara. Waingereza huiita chai hii nyeusi, kwa kuwa walitazama majani makavu. Wachina huiita nyekundu, kwa kuwa walitazama maji yaliyomo kikombeni. Mswahili hakuingia katika ugomvi huo. Alisema "rangi", akakuachia wewe mwenye macho uamue.

Sasa lisikie jina la nne. Nchini Uganda chai isiyo na maziwa huitwa kwa neno lenye maana ya kavu. Sisi nasi tunalo neno hilo, lakini kwetu mara nyingi chai kavu ni ile inayonywewa bila ya kitafunio, kama ugali mkavu ulivyo ugali bila ya kitoweo. Neno moja lataja upungufu wa namna mbili, na kila mara lataja upungufu tu. Hapa ndipo ninapoona kosa. Mkandaa, strungi na rangi husema kinywaji hiki kina nini. Kavu husema kimekosa nini. Majina matatu ya kwanza ni sifa, la nne ni masikitiko.

Huenda ukasema kuwa haya ni mabishano ya maneno matupu. Sivyo. Ukame ulizikumba kaunti kavu za Kenya tangu mwaka 2020 hadi mwanzo wa 2023, na Taita Taveta ilikuwa miongoni mwao. Malisho yakikauka ng'ombe hukauka, na ng'ombe akikauka sufuria ya chai hubadilika. Mfikirie mama wa tambarare ya Mwatate aliyefikiwa na mgeni katika siku kama hizo. Anayo maji, majani, sukari na kipande cha tangawizi. Akiamini kwamba chai ni ile ya maziwa peke yake, atasema, "Samahani, mgeni wangu, hapa pana strungi tu." Neno "tu" ni dogo, lakini limebeba aibu kubwa. Pengine atamwacha mgeni aondoke na kiu kuliko kumwonyesha upungufu wake. Akiamini kwamba mkandaa ni chai kamili, atauliza kwa uso mkunjufu, "Nikutilie tangawizi?" Maji ni yale yale na majani ni yale yale, lakini nyumba ya kwanza imefunga mlango na ya pili imeufungua.

Haki yadai tuupime na upishi pia. Wako wanaodhani kuchemsha majani pamoja na maziwa ni ujinga, kwa kuwa desturi ya Kiingereza huleta birika mbali na maziwa mbali. Wamekosea. Majani mengi ya Kenya husagwa, huchanwa na huviringishwa kwa mashine hata yawe chembe ndogo, nazo hutoa rangi na ukali upesi. Ukakasi wake hushikana na protini za maziwa, ukapungua ulimini. Kwa hiyo apikaye kwa maziwa aweza kuchemsha bila ya hasara kubwa. Lakini apikaye mkandaa hana maziwa ya kumtetea. Tangawizi na mdalasini vitangulie kuchemka, maana mzizi na gome hutoa ladha polepole. Kisha sufuria iepuliwe, majani yatiwe, ifunikwe kwa dakika tatu hadi tano, na chai ichujwe. Akiyaacha majani yatokote nusu saa, atapata uchungu, na watu watalilaumu jina badala ya mpishi.

Hukumu yangu ni hii. Jina jema la chakula lina sharti tatu: liseme kweli, likae vema kinywani, wala lisimtahayarishe mwenye kukitoa. Mkandaa umeyatimiza yote. Chai ya rangi imeyatimiza. Strungi imeyatimiza pia, pindi ikiachana na lile "tu". Chai ya maziwa ni njema, na ipewe jina lake kamili, isijitwalie neno "chai" peke yake kana kwamba nyingine ni yatima. Nawe, msomaji, siku utakapokaribishwa nyumba isiyo na maziwa, usingoje mwenyeji aombe radhi. Mtangulie kwa kuomba mkandaa.