Mnyonge, Dhaifu au Aliye Hatarini? Uteuzi wa Msamiati katika Uhakiki wa Wahusika

Mwalimu mwenzangu, nawe mtahiniwa, bila shaka umewahi kukutana na jibu la namna hii: "Maimuna ni mnyonge. Pia ni dhaifu. Vilevile ni maskini." Mwandishi wa jibu hili anadhani ametoa hoja tatu na anatarajia alama tatu. Mtahini anaona neno moja lililorudiwa mara tatu, tena mara mbili limetumiwa pasipofaa. Katika makala haya tutachunguza maneno tunayoyatumia kumweleza mtu anayeweza kudhurika kwa urahisi. Kiswahili hakina neno moja linalobeba dhana hiyo yote. Kina kadhaa, na kila moja lina kazi yake.

Tuanze na umaskini. Maskini, fukara na hohehahe wote wamepungukiwa na mali, ila kwa viwango tofauti. Hohehahe hana mbele wala nyuma. Maneno haya yanajibu swali: ana nini? Hayasemi lolote kuhusu nguvu au tabia ya mtu.

Udhaifu ni kasoro iliyo ndani ya kitu chenyewe. Husemwa mwili dhaifu, ukuta dhaifu, hoja dhaifu. Mtu akitajwa kuwa dhaifu, lawama inamwelekea yeye. Ndiyo maana swali linalouliza udhaifu wa mhusika hutaka kasoro zake: tamaa, woga, wepesi wa kudanganyika. Halitaki mateso yake.

Unyonge una sura mbili. Katika mazungumzo ya kila siku, aliyetoka kuugua husema ana unyonge, yaani amenyong'onyea, hana nguvu wala raha. Sura ya pili ni ya uhusiano. Hakuna mnyonge bila mwenye nguvu aliye mbele yake. Wahenga waliposema "Mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni" walikuwa wakiwaambia wenye mabavu. Azimio la Arusha la 1967 nalo lilitaja unyonge kuwa chanzo cha kuonewa na kunyonywa, likadai hali hiyo ikomeshwe. Unyonge huo basi ni hali ambayo watu wanaweza kuiondoa, si maumbile ya mtu. John Magufuli, aliyeiongoza Tanzania kuanzia 2015 hadi 2021, alijulikana kama rais wa wanyonge. Neno hilo lilimpa wafuasi. Hata hivyo, msomaji makini anaweza kuuliza iwapo anayeitwa mnyonge kila siku anasaidiwa kuondokana na unyonge au anauzoea.

Kuna pia kuwa hatarini. Hapa mtu anaweza kuwa na mali na nguvu, lakini yuko mahali ambapo pigo likija litampata yeye kwanza. Tazama mkulima wa kahawa wa hapa Nyeri. Ana shamba, kwa hivyo si fukara. Anaamka alfajiri kupalilia, kwa hivyo si dhaifu. Lakini bei ya kahawa yake hupangwa mbali na shamba lake, na ikianguka, karo ya mwanawe huanguka nayo. Huyo yuko hatarini, na mbele ya soko ni mnyonge.

Tahadhari moja ya sarufi. Nchini Tanzania hutumika maelezo "watoto waishio katika mazingira hatarishi". Hatarishi hutokana na kuhatarisha, kama chonganishi litokanavyo na kuchonganisha. Kinachohatarisha hapa ni mazingira. Mtahiniwa anayefupisha na kuandika "watoto hatarishi" amegeuza maana juu chini: sasa watoto ndio wanaohatarisha wengine!

Hebu tuyapime maneno haya katika vitabu. Katika Utengano (1980) ya Said Ahmed Mohamed, Maimuna analelewa katika nyumba ya Bwana Maksuudi, mtu mwenye mali na cheo. Maskini hawi, angalau mwanzoni. Anafungiwa ndani asiione dunia, na anapotoka anajikuta katika danguro la Mama Jeni. Tukisema ameanguka kwa sababu ni dhaifu, tumemhukumu yeye na kumwachilia babake. Jibu lenye mashiko litasema hivi: malezi ya kufungiwa yalimweka Maimuna hatarini kwa kumnyima maarifa ya kujilinda, na mbele ya mamlaka ya babake alikuwa mnyonge. Udhaifu wake, iwapo mtahiniwa atauthibitisha, utafutwe katika maamuzi anayoyafanya baadaye, akiwa huru.

Katika Chozi la Heri ya Assumpta Matei, Ridhaa ni daktari mwenye familia na mali. Usiku mmoja nyumba yake inateketezwa, na aliowapenda wanateketea humo, kwa sababu majirani walimhesabu mgeni. Umaskini haukumleta kwenye janga hilo. Sisi wa miji ya Mlima Kenya hatuhitaji kufafanuliwa zaidi. Baada ya ghasia za 2007 na 2008 tuliwapokea jamaa kutoka Bonde la Ufa ambao wiki chache awali walikuwa na mashamba na maduka. Naye Umu, msichana aliyeachwa na mama, akafiwa na baba na kuibiwa ndugu zake, yuko hatarini kwa kila kipimo. Lakini anafunga safari na kutafuta msaada. Aliye hatarini anaweza kuwa jasiri, na mtahiniwa anaweza kupata alama kwa sifa zote mbili bila kujipinga.

Kosa hili si la wanafunzi pekee. Mwaka mmoja, nikigawa fomu za basari hapa Skuta, nilisimama mbele ya darasa na kuuliza, "Nani maskini hapa?" Hakuna mkono ulioinuka, ingawa nilijua wapo waliotumwa nyumbani mara mbili muhula huo. Siku iliyofuata nilisema kwamba yeyote ambaye karo yake haina hakika achukue fomu mezani pangu wakati wa mapumziko. Zilikwisha kabla ya kengele. Swali la kwanza liliwataka wajitaje wenyewe kuwa pungufu. La pili lilitaja tatizo lililowakabili.

Kwa hivyo, mtahiniwa, kabla ya kuandika sifa ya mhusika, jiulize maswali manne. Amekosa mali? Ni maskini. Kasoro imo ndani yake? Ni dhaifu. Kuna anayemkandamiza? Ni mnyonge, na umtaje anayemkandamiza. Pigo laweza kumpata wakati wowote? Yuko hatarini, na ueleze kwa nini. Kila jibu ulifuatishe na tukio kutoka kitabuni.

Nawe mwalimu, unaposahihisha "Maimuna ni mnyonge", usiweke alama ya vyema wala ya mkasi upesi. Andika pembeni: mbele ya nani? Mwanafunzi atakayeweza kujibu hilo amekielewa kitabu.