Ugunduzi Katika Njia ya Misafara: Fikira Juu ya Muziki wa Tabora

Linapotajwa neno "ugunduzi", fikira za wengi wetu, hasa sisi tuliopita madarasani, hukimbilia maabara na mitambo ya nchi za mbali. Twadhani mgunduzi ni yule tu aliyetengeneza kitu ambacho hapo awali hakikuwapo. Lakini upo ugunduzi wa aina ya pili, ambao aghalabu hauandikwi vitabuni: mtu hupokea kitu kilichoundwa na wengine, akakigeuza-geuza mkononi, kisha akakipatia kazi ambayo muundaji wake hakuiwaza. Makala haya yanakusudia kuonyesha kwamba bila ya kuutambua ugunduzi huu hatuwezi kuuhukumu kwa haki muziki wa dansi wa nchi yetu, na hasa ule uliochipuka Tabora.

Shauri hili lina historia yake. Mwezi Desemba 1962, Mwalimu Julius Nyerere, ambaye mwenyewe alisoma Tabora kuanzia 1937 hadi 1942, alitangaza kuundwa kwa Wizara ya Utamaduni wa Taifa na Vijana. Alisikitika kwamba elimu ya kikoloni iliwafanya vijana waone fahari kucheza dansi za Ulaya na Marekani, huku ngoma za wazee wao hawazijui. Hoja yake ilikuwa ya haki. Hata hivyo, baadhi ya waliomfuata waliifupisha mno. Wakaugawa muziki mafungu mawili kama mtu apambanuaye pumba na mchele: ngoma ni yetu, gitaa ni la wageni. Mgawanyo huo ni rahisi kuufundisha, lakini mtu akiufuata katika njia ya kale ya misafara, kutoka Bagamoyo hadi Tabora na Ujiji, utamvunjikia mkononi kabla hajafika mbali.

Tuanze na wapagazi. Katika karne ya 19 Wanyamwezi walisifika kuliko watu wote kwa kazi ya kubeba mizigo. Richard Burton, aliyefika Kazeh, yaani Tabora ya leo, mwezi Novemba 1857, ameeleza jinsi msafara ulivyoongozwa na kirangozi aliyevaa vazi jekundu, na jinsi ngoma na baragumu zilivyoutangulia. Muziki katika safari ile haukuwa pambo. Ulikuwa chombo cha kazi: uliamsha kambi, ulipanga mwendo, na ulitangaza kwa wenyeji kwamba wageni wanakuja kwa amani.

Burton huyo huyo anasimulia jambo jingine ambalo mhakiki wa utamaduni hana budi kulizingatia. Shanga zilizotoka ng'ambo zilikuwa za aina nyingi mno, na kila nchi ya njiani ilichagua rangi na ukubwa wake. Mfanyabiashara aliyebeba shanga zisizopendwa alikuwa kama asiye na mali. Vivyo hivyo kwa nguo: kitambaa cha pamba kutoka Marekani kiliitwa "merikani", kikawa kipimo cha mali na vazi la heshima mahali ambapo wafumaji wake hawakupajua hata kwa jina. Basi, watu wa bara hawakupokea kila kilicholetwa. Walichagua, walikataa, na walibadili mitindo yao, hata wafanyabiashara wa pwani na wa ng'ambo wakalazimika kuifuata. Huo haukuwa utumwa wa fikira.

Ilipofika reli ya kati Tabora mwaka 1912, na Kigoma mwaka 1914, mguu wa mpagazi uliachia nafasi gurudumu. Lakini tabia ya kugeuza matumizi haikukoma. Hata watawala walilazimika kujifunza. Mwaka 1916, Wajerumani walipozingirwa vitani na kukosa fedha kutoka kwao, karakana ya reli ya Tabora iligeuzwa kuwa kiwanda cha sarafu. Humo zilipigwa heller za shaba, na pia sarafu za dhahabu ya Sekenke zenye thamani ya rupia 15 na picha ya tembo. Mitambo iliyoletwa kutengeneza behewa na injini ikatengeneza fedha. Atakayekubali kwamba huo ni ugunduzi, na ni vigumu kuukana, hawezi tena kumwita mwigaji yule anayechukua gitaa la Mzungu na kulipa kazi nyingine.

Vita hiyo hiyo ilieneza beni, mchezo ulioanzia pwani ya Kenya mwishoni mwa karne ya 19 kwa kufuata gwaride na bendi za kijeshi. Vyama vyake, Marini na Arinoti, vilipeleka ushindani wao hadi mijini bara. Kutokana na beni ulizaliwa mganda, ambamo sauti ya tarumbeta za kijeshi hutolewa kwa vibuyu. Leo mganda unahesabiwa miongoni mwa ngoma za jadi za watu wa pwani ya Ziwa Nyasa, wala hakuna anayeuita wa kigeni. Basi anayeukataa muziki wa gitaa kwa sababu ya asili yake atueleze: mganda ulivuka mpaka lini, na nani aliuandikia hati ya uraia?

Sasa tuje kwenye bendi. Kuanzia mwaka 1933 sahani za santuri za mfululizo wa GV zilianza kuuzwa Afrika, zikiwa na muziki wa Kuba. Vijana wa mijini waliusikia, wakatambua ndani yake midundo iliyokuwa imevushwa bahari na mababu waliouzwa utumwani. Tabora ikatoa Kiko Kids ya Salum Zahoro, ikatoa Nyanyembe Jazz iliyojiita kwa jina la utemi wa kale wa Unyanyembe, na ikatoa Tabora Jazz ya akina Shem Karenga, yenye mtindo wa Segere Matata. Katika nyimbo za Kiko Kids mandolini, chombo chenye asili ya Italia, hushika nafasi ya mbele ambayo kwa bendi nyingi ilikuwa ya gitaa. Hapo ndipo sikio linapotambua chaguo la mtu anayejua anachokitafuta.

Wako wanaosema kwamba uenyeji wa muziki huu umo katika kupokezana: kiongozi huimba, wenzake huitikia, kama kirangozi na wapagazi wake. Hoja hiyo yapendeza, ila ni dhaifu, maana kupokezana kumo katika nyimbo za mataifa mengi duniani. Ushahidi wenye nguvu zaidi umo katika neno "mtindo". Kila bendi ya Tanzania ilijitungia mtindo wenye jina, na wafuasi walioutetea mbele ya wapinzani. Desturi hiyo haikutoka Kuba. Ni ile ile ya Marini na Arinoti, na ya Bagika na Bagalu, vyama vya ngoma vya jirani zao Wasukuma, ambavyo ushindani wao unajulikana nchi nzima. Vyombo ni vya kuazima. Jamii inayovizunguka ni ya nyumbani.

Pamoja na sifa hizo, mhakiki hapaswi kuwa mpambe. Zipo nyimbo za dansi zilizokariri maneno ya Kihispania ambayo mwimbaji hakuyaelewa wala msikilizaji wake. Huko ni kuiga tu. Na lipo kosa kubwa zaidi, ambalo si la wanamuziki peke yao. Tuligundua matumizi ya ala, lakini kwa miaka mingi hatukumiliki mitambo ya kuzihifadhi sauti zetu. Sahani nyingi za bendi zetu zilichapwa Nairobi, na kilichobaki nyumbani ni kanda za Radio Tanzania. Kanda huchakaa. Mpagazi wa karne ya 19 ametoweka pamoja na nyimbo zake, na tunayoyajua juu yake twayasoma katika vitabu vya wageni aliowabebea mizigo. Tusipoangalia, mpiga mandolini naye atajulikana kwa njia hiyo hiyo.

Kwa hiyo mwalimu asiwaulize wanafunzi wake kama wimbo fulani ni wa asili au wa kigeni. Awaulize maswali matatu: kitu gani kiliazimwa, kilibadilishwa vipi, na ni nani waliokikubali? Kisha awatume kwa wazee wa mitaa yao, wakaandike jina la mpigaji, la mtunzi, na la ukumbi ambamo wimbo ulipigwa, wakati wenye kukumbuka wangalipo.

Twafahamu kwamba Livingstone alikaa Kwihara mwaka 1872, na tembe alimokaa latunzwa. Ni vyema. Lakini mwanafunzi wa Tabora ajue pia kwamba mji wake, uliopokea shanga, reli na santuri, haukuwa kituo cha kupumzikia wageni tu. Ulikuwa mahali pa kuchagua, na wanaoishi humo leo bado wana haki na wajibu wa kuchagua.